Vitz Iliyokosa Mbio Zake

Ujumbe uliingia nikiwa Ras Kitau, nimekaa mchangani, viatu mkononi, nangoja mashua inivushe hadi Shela. Ulitoka kwa binamu yangu aliyeko Nairobi. Picha moja tu: gari jeupe, milango miwili na ule wa nyuma, bodi imevimba juu ya magurudumu kama mashavu ya mpiga zumari. Chini yake ameandika, "Bro, tuichukue hii."

Nahodha alipofika nikamwonyesha simu. Mzee wa watu akaisogeza karibu na mato, kama wanavyosema kwao, akaitazama sana.

"Hini si Vitz?"

Nilicheka nusura niangushe simu baharini. Halafu nikaacha kucheka, maana mzee alikuwa amesema kweli.

Gari lile linaitwa Toyota GR Yaris. Lilizinduliwa Japani Januari 2020. Na Yaris ndiyo Vitz. Tangu 1999 Ulaya waliiita Yaris, Japani wakaiita Vitz, na kwa kuwa magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yameshatumika, sisi tukarithi jina la Vitz. Mwaka huohuo wa 2020 Wajapani nao wakaliacha, kila mtu sasa anasema Yaris. Kila mtu isipokuwa sisi. Kwetu Vitz ni gari la kwanza la mwalimu, ni teksi ya kuitwa kwa simu, ni gari linaloegeshwa popote na kudharauliwa kila mahali. Sasa binamu yangu anataka tununue Vitz kwa pesa ambayo mtu mwenye akili timamu angenunulia kiwanja.

Ras Kitau ni mahali pa ajabu pa kuwazia magari. Nipo huku kwa kazi ya muda, naandika maelezo ya nyumba za wageni. Barabara ya bara inaishia Mokowe, baada ya hapo ni bahari. Mji wa Lamu wenyewe ni vichochoro vya punda. Uwanja wa ndege upo kisiwa hikihiki cha Manda, lakini abiria akishuka hapandi teksi, anapanda boti. "Huku kwetu ndia ni mai," aliniambia nahodha siku ya kwanza nilipouliza kama kuna njia ya kuzunguka kwa miguu.

"Tuichukue" maana yake ni hivi. Binamu na marafiki zake wawili wanachanga, mimi niwe wa nne, kinachobaki ni mkopo wa sacco. Mchango wangu ni akiba niliyokuwa nikiiweka nirudi chuo. Niliacha uhandisi wa mitambo mwaka wa tatu, na sitawachosha na sababu: ada ilikuwa ya kwanza, uvivu wangu ukawa ya pili. Haraka yake nayo ina msingi. Kanuni ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa yale ya 2020, yaani ya bei nafuu kidogo, mlango unafungwa mwisho wa 2027. "Saa inakimbia," ananiandikia, na emoji tatu za moto.

Niseme wazi kwamba nalipenda hili gari. Nimelipenda tangu siku ya kwanza, kwa mapenzi ya mtu aliyeacha darasa la mitambo lakini mitambo haikumwacha. Mbele ni Yaris, nyuma wameunganisha sakafu ya ukoo wa Corolla ili difu na propela shafti zipate pa kukaa. Paa ni la kariboni, boneti na milango ni alumini. Injini ni ya silinda tatu, lita 1.6, ina tabo, na toleo la kwanza la Japani lilitoa nguvu farasi 272 katika gari la kilo 1,280. Vitz ya mama yangu mdogo nayo ni silinda tatu, cc 996, na nguvu zake ni kama robo ya hizo. Magurudumu yote manne yanavuta, na kuna kitufe cha kuzungusha ukaamua nguvu igawanywe vipi: 60 mbele na 40 nyuma kwa siku za kawaida, 30 kwa 70 ukitaka mkia ucheze, 50 kwa 50 ukiwa na haraka ya kweli. Hakuna aliyelazimika kuunda gari la namna hii kwa ajili ya kwenda dukani. Lakini kuna kilichowalazimisha, na ndicho kinachonivuta zaidi kuliko hizo farasi.

Zamani, katika rali za dunia, kiwanda hakikuruhusiwa kuja na chombo kilichobuniwa gizani. Ukitaka kushindana na gari fulani, sharti kwanza uunde idadi kadhaa ya magari kama hayo uyauze kwa watu. Katika Kundi A, lililoshika usukani kuanzia 1987, hesabu ilikuwa magari 5,000, baadaye ikashushwa hadi 2,500. Ndipo mitaani yakamwagika magari ambayo baba zetu waliyataja kama majina ya wachezaji wa mpira: Lancia Delta Integrale, Celica GT-Four, Impreza, Lancer Evolution. Viwanda havikuwa vimetupenda ghafla. Sheria ilisema dereva wa dunia hapati chuma chake mpaka daktari wa Nakuru naye aweze kukinunua.

Hapa Afrika Mashariki wazo hilo lilikuwepo mapema. Safari ya kwanza, ile ya 1953 iliyofungamanishwa na kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaligawanywa madaraja kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini. Aliyekuwa na Volkswagen ya kobe alishindana na wenye mfuko kama wake. Mwaka 1965 Joginder Singh, yule singasinga aliyesemwa kuwa anaruka, alishinda na Volvo PV544 aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Imeshatumika! Ni kama mtu anunue gari kwenye yadi za Ngong Road, alitie mafuta, akashinde dunia. Mwaka 1963 yaliondoka magari zaidi ya 80 yakafika 7. Mwaka 1968 yakafika 7 tena, na mara zote mbili aliyetangulia alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Peugeot 404, jamani. Gari la kubebea nyanya.

Mjomba wangu, babake binamu huyu, ni fundi Mombasa. Alikuwa kijana katika miaka ile ambapo Safari bado ilikuwa ikishuka Pwani, na gerejini kwake hadi leo kuna ukuta mmoja ambao hauruhusiwi kupakwa rangi kwa sababu ya mabango yaliyobandikwa hapo. Sisi wawili tulijifunzia kazi chini ya ukuta huo, tukimpa spana. Alikuwa akitupima: nani alishinda 1979, 1980, 1981, 1982? Jibu ni moja kwa yote, Shekhar Mehta, na kabla ya hapo alishinda 1973, mara zote na Datsun. Ukikosea unaosha karabureta kwa petroli mpaka vidole vinapauka.

Mashaka yangu yalianzia palepale, kwenye ukuta wa mjomba.

Ukikaa Ras Kitau na kutazama ng'ambo unaona ufuko wa Shela, mahali ambapo takriban 1812 jeshi la Pate na la Wamazrui wa Mombasa lilishindwa na watu wa Lamu. Masimulizi yanasema maji yalikupwa, vyombo vyao vikabaki mchangani, wakakosa pa kukimbilia. Walikuja na nguvu kubwa kwenye pwani wasiyoijua saa zake. Nikiisikia hadithi hiyo huwa naikumbuka Audi.

Audi Quattro ilitoka 1980 na ikageuza rali za dunia. Ulaya, kwenye theluji na kokoto, gari la kuvuta magurudumu manne likawaacha wengine wakiosha macho. Ikaja Safari. Mwaka 1983 ikapigwa na Opel Ascona 400 ya Ari Vatanen, gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Mwaka 1984 ikaja Toyota Celica ya tabo, nayo ya nyuma tu, ikashinda na Björn Waldegård, ikashinda tena 1985 na Juha Kankkunen, ikashinda 1986 na Waldegård tena. Dunia nzima imeshahamia kwenye magurudumu manne, Kenya bado inashindwa na mawili. Gari la kwanza la magurudumu manne kushinda Safari lilikuwa Audi 200 Quattro ya Hannu Mikkola, mwaka 1987. Nalo halikuwa kijigari chepesi cha mbio. Lilikuwa saluni ndefu, nzito, ya kumbeba mkurugenzi.

Kwa hiyo mtu akiniambia gari fulani ni zuri kwa Safari kwa sababu linavuta kwa magurudumu manne, namkumbusha miaka hiyo minne. Safari ya zamani ilikuwa maelfu ya kilomita kwenye barabara ambazo hazikufungwa, ukakutana na lori, ng'ombe, mto uliofurika. Springi na shokamzoba ndizo zilizoamua. Kitufe cha 30 kwa 70 hakina jibu kwa shimo la Taita.

Ila historia haipendi kuwa upande wangu muda mrefu. Kuna 1993. Mwaka ule Celica GT-Four zilichukua nafasi nne za kwanza, Kankkunen mbele. Lakini gari la mwaka ule, kwa maoni yangu ambayo mjomba anayapinga, ni Subaru Vivio. Kijigari cha cc 660, cha magurudumu manne, kifupi kiasi kwamba ukikiegesha kando ya Vitz, Vitz inaonekana basi. Subaru walikileta Safari. Colin McRae, Mskoti asiyejua kwenda polepole, alikikimbiza na yale makubwa mwanzoni kabisa mpaka shokamzoba zikasalimu amri. Mkenya Patrick Njiru alikiendesha kwa akili, akakifikisha mwisho, akashinda daraja lake. Gari moja, ardhi moja, madereva wawili. Mjomba husema Njiru alikuwa na akili kwa sababu gari angelirudisha kwao. Mimi nasema alikuwa na akili tu. (McRae naye alikuja kushinda Safari mara tatu, na leo tuna dereva wa rali Mkenya aitwaye McRae Kimathi, aliyepewa jina hilo kwa ajili yake. Waliotupa majina ya manabii walikuwa na mashujaa wao, wengine walikuwa na wao.)

Vivio ndiyo nyanya wa GR Yaris, hata kama Toyota haiwezi kukubali. Kidogo, chepesi, manne yanavuta, na jina la gari la sokoni.

Safari ya dunia ikafa baada ya 2002. Pesa, maandalizi, siasa, chagua mwenyewe. Mimi nilikua bila Safari ya dunia, nikiwa na ukuta wa mjomba tu. Ikapangwa kurudi 2020, corona ikaizuia, ikarudi Juni 2021 Naivasha.

Na hapa ndipo mkasa wa GR Yaris ulipo. Toyota walikuwa wamerudi kwenye rali za dunia 2017, timu ikiongozwa na Tommi Mäkinen, mshindi wa Safari 1996 na 2001, naye akashiriki kuliunda hili gari. Walitaka gari jipya la mashindano kwa msimu wa 2021. Kwa hiyo wakafuata njia ya zamani: wakajenga gari la barabarani ambalo umbo lake lenyewe ni la mashindano, ndiyo maana lina milango miwili ya abiria badala ya minne na paa lililoinama kuelekea nyuma. Hesabu iliyotajwa ilikuwa magari 25,000 ndani ya miezi 12, na ni nyingi kuliko zile 5,000 za enzi za Celica. Kisha corona ikavuruga majaribio. Kanuni nazo zilikuwa zinabadilika mwaka uliofuata. Toyota wakakaa chini, wakaona hakuna faida ya kumalizia gari la kutumika msimu mmoja, wakalifuta. Mwaka 2021 wakashindana na Yaris yao ya zamani. Sébastien Ogier alishinda Naivasha, Takamoto Katsuta wa pili, na gari lililoundwa mahususi kwa ajili ya mwaka ule lilikuwa likiuzwa madukani, likiwa halijakimbia mbio lililoundiwa.

Sheria iliyolizaa ikafa kabla halijafika uwanjani. Kuanzia 2022 magari ya daraja la juu yamejengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma, ya mbio tupu. Lile la Toyota linaitwa GR Yaris Rally1, na bodi inaifanana Yaris, lakini vua bodi uone. Hilo ndilo lililoshika nafasi nne za kwanza Safari ya 2022, Kalle Rovanperä mbele, na watu wakakumbuka 1993. Likarudia 2023, nne tena, Ogier mbele. Nilitazama kwa simu iliyopasuka kioo, nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Asubuhi yake nikajiuliza nimeshangilia nini. Zile Celica nne za 1993 zilikuwa na ndugu zao barabarani, ungeweza kuegesha yako kando yake ukaona undugu. Hizi nne ndugu zake ni bango.

Kwa haki niseme kwamba mwaka 2024 ilianza kushindana GR Yaris Rally2, daraja la pili, na hiyo imetoka kwenye gari la dukani kweli, hata injini. Binamu alinitumia habari hiyo kama hati ya mahakama. "Unaona? Imekimbia!" Imekimbia, nakubali. Kwenye mbio za wadogo zake.

Labda naliona gari hili vibaya kwa sababu ya mambo yangu. Mtu aliyeandaliwa miaka mitatu kwa ajili ya kitu asikifanye huwa anayatazama magari ya namna hii kwa jicho la ndugu. Limejengwa vizuri. Halikukosea popote. Mbio zikahamishwa. Kila mhakiki aliyeliendesha amelisifu, na kila sifa inaanza na neno "rali".

Nahodha alikuwa bado anaishikilia simu yangu, tumefika katikati ya mkondo, upepo wa kusi umejaa tanga. Nikamweleza yote, kwa ufupi: sheria, magari 25,000, mbio zilizofutwa. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za ukoo wa mbali. Kwao mashua inayoshindana Januari Mosi ndiyo inayopakia mawe ya Maweni na mchanga siku nyingine. Siku ya mashindano wanashusha mzigo, wanapitisha ubao upande wa upepo, vijana wanatambaa juu yake kuizuia isipinduke, na jioni inarudi kuwa mashua ya kazi.

"Na hini yabeba nini?" akauliza.

"Watu wanne. Wawili wa nyuma kwa taabu."

Akanirudishia simu. Hakusema lolote, akashughulika na kamba.

Usiku nikapiga hesabu kwenye daftari. Lilipoanza kuuzwa Japani, toleo la kawaida la nguvu kamili lilikuwa yeni 3,960,000. Lililotumika halijashuka kama Vitz inavyoshuka, kwa sababu dunia nzima inalitaka. Ongeza meli, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16, kila moja ikihesabiwa juu ya mgongo wa mwenzake. Kisha klachi, kisha tairi. Binamu anasema tutalikodisha kwa wapiga video na maharusi, na mara moja kwa mwaka tutaliingiza kwenye rali ya klabu. Nilipouliza nani ataliendesha siku hiyo alinyamaza dakika nne. Na hakuna bibi harusi ninayemjua atakayekubali kuingia nyuma ya hilo gari na gauni.

Nikaandika: "Akiba ya chuo siitoi." Nikafuta. Nikaandika tena, nikatuma, halafu nikamtumia mjomba ile picha, bila maelezo, maana nilijua binamu hajamwambia.

Mjomba hatumii maandishi. Alituma sauti, ya sekunde kumi na moja, nyuma yake nyundo inagonga. "Nimeiona. Zuri. Sasa mwambie huyo mwenzio anitumie picha ya chini. Nataka kuona tumbo. Juu kila gari ni zuri."

Nikaisambaza kwa binamu vilevile ilivyo. Tiki mbili zikawa za buluu. Juu ya jina lake yakatokea maneno kwamba anaandika, yakapotea, yakatokea tena. Nilikesha kidogo nikitafuta mwenyewe, tangazo baada ya tangazo la wauzaji wa Japani: mbele, ubavuni, viti, injini, dashibodi, kitufe cha 30 kwa 70 kimepigwa picha kwa karibu kama pete ya ndoa. Ya tumbo sikuipata hata moja.